Hodi Kabla ya Kuingia: Mwalimu na Taarifa za Mtoto

Wako wanachuo wanaodhani kwamba sheria ni jambo la mahakimu na mawakili, na kwamba mwalimu wa darasa la tatu akishazijua kanuni za utumishi wake amekwisha kujua sheria ya kumtosha. Dhana hiyo ilikuwa yetu pia kwa muda mrefu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba liko tawi moja la sheria, changa bado katika nchi yetu, ambalo linamgusa mwalimu wa shule ya msingi kila siku ya kazi. Tawi hilo ni lile linalolinda taarifa za watu katika zama hizi za kompyuta na simu. Tutalieleza kwa kufuata kazi ya mwanasheria mmoja Mtanzania aliyelishughulikia wakati ambapo wengi wetu hatujapata hata kulisikia, naye ni Profesa Alex Boniface Makulilo.

Yafaa tuanze na kosa, na kosa lenyewe ni letu.

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikuwa tukiwakagua wanachuo katika shule za upande wa Olasiti. Tulikuwa tumewaagiza kwamba kila mmoja alete ripoti ya mazingira ya kufundishia, na kwamba ripoti isiyokuwa na picha za ushahidi itapunguziwa alama. Mwanachuo mmoja, msichana mwenye bidii, alimpiga picha mtoto wa darasa la tatu ambaye sare yake ilikuwa imechanika begani. Chini ya picha aliandika jina la mtoto, umri wake, na maneno kwamba mama yake ni mgonjwa wa muda mrefu na baba hajulikani aliko. Akaituma katika kundi la WhatsApp la mazoezi. Sisi wakufunzi tulimsifu mbele ya wenzake, tukasema kwamba huo ndio uchunguzi wa mazingira tunaoutaka.

Kabla ya siku tatu kupita, picha ile ilikuwa imefika kwa mama mdogo wa mtoto yule. Alikuja shuleni asubuhi, akatuamkia kwa adabu, akakaa. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Walimu, naomba kufahamu. Nani kati yenu alibisha hodi kwetu?" Hatukuwa na jibu. Mtoto alikaa nyumbani wiki nzima. Aliporudi alikwenda kuketi dawati la nyuma kabisa, ambako hakuwa akikaa hapo kwanza, na mwalimu wake wa darasa alituambia kwamba hakunyoosha mkono tena kwa siku nyingi.

Mwanachuo yule hakuwa na nia mbaya. Alitii agizo. Kama kuna aliyekosa maarifa, ni sisi tuliotoa agizo. Ndipo tulipoanza kusoma, na katika kusoma huko tukakutana na maandishi ya Makulilo.

Mwanasheria na somo lisilokuwa na walimu

Profesa Makulilo alipata shahada yake ya kwanza ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa masomo ya sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano alikwenda Norway, katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambako kituo cha utafiti wa kompyuta na sheria kilikuwa kimeanzishwa tangu mwaka 1970. Baadaye alikwenda Ujerumani, na mwaka 2012 alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bremen kwa tasnifu iliyohusu ulinzi wa taarifa binafsi katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Hakubaki huko. Amefundisha sheria katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho huwafundisha watu wengi walioko kazini, wakiwamo walimu wanaosomea nyumbani kwao baada ya saa za kazi.

Ili tuipime safari hiyo, inafaa tukumbuke hali ilivyokuwa. Sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa za watu dhidi ya matumizi mabaya ya kompyuta ilitungwa mwaka 1970 katika jimbo la Hesse, Ujerumani. Sweden ilifuata mwaka 1973 kwa sheria ya nchi nzima. Katika bara letu ilitubidi kungoja hadi mwaka 2001, ambapo Cape Verde ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutunga sheria ya namna hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, hauna ibara inayotaja waziwazi haki ya faragha, ingawa Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilikuwa limekwisha kuitaja tangu mwaka 1948. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania aliyetaka kulisomea somo hili hakuwa na sheria ya nchi yake ya kulichambua.

Hata hivyo nchi yetu haikuwa tupu kabisa. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na ibara ya 16 ikampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo haina kasoro kubwa katika maneno yake. Kilichokosekana ni sheria ya kuifanya itende kazi: ya kusema ni nani anaruhusiwa kukusanya taarifa, kwa sababu gani, azitunze vipi, na mwananchi aliyekosewa aende wapi. Haki iliyoandikwa pasipo njia ya kuidai hufanana na kisima kisichokuwa na kamba wala ndoo.

Pengo hilo ndilo Makulilo alilolifanyia kazi. Mwaka 2012 alichapisha, katika jarida la kimataifa la Oxford University Press, makala yaliyopima hali ya faragha na ulinzi wa taarifa barani Afrika. Mwaka 2016 alihariri kitabu kiitwacho African Data Privacy Laws, kilichotolewa na Springer, ambamo wataalamu walizieleza sheria za nchi mbalimbali za Afrika. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Kwetu sisi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Hatudai kwamba mtu mmoja ndiye aliyeileta sheria hiyo. Sheria hutoka katika kazi ya watu wengi. Lakini mwanachuo na ahesabu miaka. Kati ya tasnifu ya mwaka 2012 na sheria ya mwaka 2022 kuna miaka kumi, na katika miaka hiyo palihitajika mtu wa kuandika na kufundisha jambo ambalo nchini mwake halijapata sheria. Mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kuelezwa kazi ya namna hiyo ikoje. Yeye mwenyewe humfundisha mtoto kusoma leo, na matunda huyaona mtu mwingine baada ya miaka kumi.

Je, Mwafrika hana faragha?

Katika maandishi ya Makulilo lipo suala moja ambalo tunaliona ni la kwetu walimu hasa. Kwa miaka mingi wataalamu kadha wa kadha, wa nje na wa ndani, wamedai kwamba Mwafrika hajali faragha kwa kuwa anaishi kijamaa: mtu ni watu, mambo ya mmoja ni ya wote, na neno "faragha" ni la kuletwa na wageni. Mwaka 2016 Makulilo aliandika makala ya kuihoji hoja hiyo, akakataa kuuchukulia utamaduni wa Kiafrika kuwa kitu kimoja kilichosimama mahali pamoja pasipo kubadilika.

Sisi tungependa kuongeza hoja kutoka nyumbani, ambayo kila msomaji anaweza kuipima mwenyewe. Ni kabila gani katika mkoa wetu, iwe Wameru, Waarusha, Wamaasai au wageni waliohamia mjini, ambao humwacha mtu aingie ndani ya nyumba bila kutoa sauti nje? Katika Kiswahili neno hodi ni ombi, na karibu ni ruhusa. Anayebisha mara tatu asijibiwe hurudi zake, wala haambiwi kwamba amenyimwa haki. Wazee wetu walisema kwamba nyumba husitiri mambo, na kwamba siri ya mtungi aulizwe kata. Mafunzo ya jando na unyago hayakutangazwa sokoni. Watu wenye mila hizi hawawezi kuambiwa kwamba hawajui faragha. Wanaijua, na wana adabu ya kuilinda; ila adabu hiyo iliwekwa mlangoni, na simu haipiti mlangoni.

Hapa ndipo teknolojia inapogeuza mambo. Zamani mwalimu aliandika katika daftari la mahudhurio kwamba mtoto fulani hakuja kwa sababu ya msiba au ugonjwa. Daftari lilikuwa moja, likafungiwa kabatini, na aliyetaka kulisoma alipaswa kufika ofisini na kulishika mkononi. Picha ya simu haina daftari moja. Ikitumwa kwa watu arobaini, yanakuwa madaftari arobaini, na kila mmoja wao aweza kuyafanya mia. Anayefuta ya kwake hafuti ya wengine. Tulipomwomba mwanachuo wetu aiondoe ile picha, aliiondoa mara moja. Lakini tayari ilikuwa kwa watu ambao hata yeye hakuwafahamu. Tofauti ya zamani na sasa haiko katika tabia za watu. Iko katika chombo, na sheria inayozungumziwa hapa imetungwa kwa sababu ya chombo hicho.

Funzo lililosikilizwa Arusha

Huenda msomaji akasema kwamba sare iliyochanika ni jambo dogo, na kwamba tunalikuza. Basi na tuangalie jambo kubwa, ambalo hesabu yake ilifanywa katika mji wetu huu.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji nchini Rwanda ilianza kuandika katika kitambulisho cha kila mtu kwamba yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakati ule lilikuwa jambo la makarani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 neno lile liliachwa katika vitambulisho. Shuleni nako kabila la mtoto liliandikwa, na wengi walionusurika wamesimulia jinsi mwalimu alivyowasimamisha darasani kwa makundi, huyu asimame na Wahutu, yule na Watutsi, watoto wengine wakijua kabila lao kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, neno lile moja katika kadi lilitosha kumuua mwenye kadi.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwaka huohuo wa 1994, ikaweka makao yake Arusha, ikafunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 3 Desemba 2003 ilitoa hukumu dhidi ya watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyotumiwa kuchochea mauaji. Na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, hatia haikufutwa yote. Kwa mwanachuo wa Arusha, basi, uhusiano wa teknolojia na haki za binadamu si habari ya mbali. Ulijadiliwa miaka mingi katikati ya mji wake. Na leo mji huu ndio makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Hatusemi kwamba picha ya sare ni sawa na kadi ya Rwanda. Twasema kwamba aliyeandika kabila la mtoto katika daftari la shule hakujua litakavyokuja kutumiwa, na sisi pia hatujui. Taarifa huishi kuliko nia ya mwandishi wake. Kwa sababu hiyo anayeikusanya hana budi kujiuliza, kabla ya kuandika, kama ina haja ya kuandikwa.

Sheria yasema nini kwa mwalimu

Mwalimu hahitaji kuikariri Sheria ya mwaka 2022, lakini misingi yake mikuu yafaa aishike, maana inaweza kusemwa kwa maneno ya kawaida. Taarifa za mtu zikusanywe kwa njia ya haki na kwa sababu inayojulikana. Zisitumiwe kwa sababu nyingine. Zikusanywe zile tu zinazohitajika. Ziwe za kweli. Zisikae muda mrefu kuliko haja yake. Zitunzwe zisiwafikie wasiohusika. Zaidi ya hayo, Sheria inazitaja taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na zile za afya, ambazo ulinzi wake ni mkali zaidi. Tuipime ripoti yetu ya mazoezi kwa misingi hiyo. Jina la mtoto halikuhitajika. Ugonjwa wa mama haukuhitajika. Sura ya mtoto haikuhitajika. Kilichohitajika ni kujua kwamba wako watoto wanaokuja shuleni na sare mbovu, na sentensi moja ingetosha.

Majirani zetu wamekwisha kuona kwamba sheria za namna hii zinafika mpaka shuleni. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Wala sheria yetu yenyewe haijafika mwisho wa safari. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Tito Magoti, iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake havikuwa wazi vya kutosha, ikaagiza virekebishwe. Sheria changa hukua kwa kuulizwa maswali, kama mtoto.

Hoja za wanaopinga

Wako walimu, tena wazoefu, wanaolipinga jambo hili, na hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mtaani kila mtu anajua habari za mwenziwe, hivyo mwalimu haongezi kitu. Jibu letu ni kwamba jirani ajuaye kuwa mama wa mtoto ni mgonjwa hujua pia jinsi ya kumpelekea uji. Mtu asiyemjua aliyepokea picha huko aliko hapeleki uji. Hujua tu.

Hoja ya pili ni kwamba wazazi hupenda matokeo yasomwe mbele ya wote na picha za watoto zitumwe, kwa kuwa huwatia moyo. Ni kweli kwamba mtoto wa kwanza hutiwa moyo. Lakini mtoto wa mwisho yumo darasani vilevile, na mwalimu wake ni yuleyule. Mzazi apewe alama za mwanawe, azifahamu vizuri, na aelezwe namna ya kumsaidia. Alama za mtoto wa jirani hazimsaidii kumfundisha wake. Ndivyo ilivyo pia kwa kusoma mstarini majina ya ambao hawajatoa mchango wa chakula. Mwenye kudaiwa ni mzazi, na anayeaibishwa ni mtoto.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wenzetu wanauliza: je, tukiwafundisha watoto na walimu kutunza siri, hatutawafichia watu waovu maovu yao? Swali hili ni la haki, na jibu lake lazima liwe wazi kabisa. Faragha ni ulinzi wa mtoto, wala si pazia la anayemdhuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au halmashauri. Mwalimu anayeona alama za kipigo mwilini mwa mtoto ana wajibu wa kusema. Lakini humwambia anayehusika, nao ni mwalimu mkuu, ofisa ustawi wa jamii na polisi. Hawaambii watu arobaini wa kundi la simu. Anayefanya hivyo la pili ameitangaza aibu ya mtoto na hajamwokoa.

Namna ya kulifundisha

Kwa kuwa jarida hili ni la mbinu za kufundishia, hatuwezi kuishia katika nasaha. Tunapendekeza mazoezi matatu ambayo mwanachuo anaweza kuyajaribu katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili au katika Kiswahili, bila ya zana za gharama.

Zoezi la kwanza lafaa madarasa ya chini. Chora chaki mraba sakafuni, uite nyumba. Mtoto mmoja akae ndani, wengine wabishe hodi mmoja mmoja. Aliye ndani ana ruhusa ya kusema karibu, au ngoja kidogo, au sasa hapana. Baada ya hapo waulize: ulijisikiaje mtu alipoingia bila hodi? Kisha mpe mtoto mwingine kipande cha mbao kiwe simu, aigize kumpiga picha mwenziwe aliyemo ndani. Uliza: huyu amebisha hodi? Acha watoto wajibizane. Usiwahi kuwapa jibu.

Zoezi la pili ni la darasa la tatu na la nne. Andika vipande vya karatasi vyenye habari za mtoto wa kubuni, tuseme wa hadithi: anapenda mpira, alipata alama 12 kati ya 50, baba yake amelazwa, anaogopa giza, jina la shule yake. Tandika mikeka mitatu. Wa kwanza ni wa habari za wote, wa pili ni wa habari za mwalimu na mzazi, wa tatu ni wa habari za mtoto mwenyewe mpaka atakapotaka kusema. Makundi yapange vipande na kutoa sababu. Hapa tunatoa onyo: kamwe mwalimu asitumie habari za mtoto halisi aliyemo darasani, hata kwa wema. Somo la faragha linalomvua mtoto nguo limejipinga lenyewe. Mwishoni ongeza kipande kingine chenye siri inayomuumiza mtoto, na uwafundishe kwamba siri ya namna hiyo huambiwa mtu mzima anayeaminika siku hiyohiyo.

Zoezi la tatu lafaa madarasa ya juu. Wape fomu ya kujiunga na klabu ya kubuni ya kupanda miti, yenye maswali mengi kupita kiasi: jina, darasa, kabila, dini, kazi ya baba, ugonjwa uliowahi kuugua, namba ya simu ya mama. Waambie wafute kila swali lisilohitajika kwa kupanda miti, na waandike sababu. Zoezi hili hufundisha kufikiri na kuandika kwa pamoja. Tena humfundisha raia mdogo kuuliza swali ambalo wakubwa wengi hatuliulizi tunapojaza fomu: kwa nini mnataka kujua?

Sisi wenyewe tumebadili maagizo yetu ya mazoezi. Ripoti ya mazingira haidai tena picha za watoto. Mwanachuo huchora ramani ya darasa, huhesabu madawati, hueleza kwa maneno. Tumegundua kwamba uchunguzi umekuwa bora zaidi, kwa sababu anayelazimika kueleza kwa maneno hulazimika kwanza kutazama. Na kabla ya kwenda mazoezini kila mwanachuo hujiuliza maswali manne. Je, habari hii inahitajika? Nani atakayeiona? Itakaa wapi? Na mtoto huyu akiisoma siku atakapokuwa na miaka ishirini, tutaweza kumtazama usoni?

Msomi wa sheria alisafiri mpaka Oslo na Bremen kulitafutia somo hili misingi yake, akarudi kulifundisha. Mwalimu wa Olasiti hana haja ya kusafiri. Misingi anayo katika adabu aliyolelewa nayo. Kilichobaki ni kuihamisha kutoka mlangoni kuipeleka katika daftari, katika ubao wa matangazo na katika simu yake. Mama mdogo wa yule mtoto hakuwa amesoma Sheria ya mwaka 2022, wala hakuihitaji ili atuulize alichotuuliza.

Muhula ujao wanachuo watakwenda tena mazoezini. Tunawaomba wayajaribu mazoezi haya, wayarekebishe kwa kadiri ya madarasa yao, na wayaandikie jarida hili waliyoyaona, hasa pale yaliposhindikana. Wale wasiokubaliana nasi tunawakaribisha vilevile. Wabishe hodi.